Ukingo safi wa maandishi kwenye Inkscape: kutoka kuandika hadi kukata stika

Simama kituo chochote cha daladala dakika 10 usome vioo vya nyuma. Kuna maandishi yanayosomeka gari likiwa bado mbali: herufi ya njano, weusi umeizunguka sawasawa pande zote. Na kuna mengine ambayo weusi umeila herufi mpaka E inafanana na jino bovu, au A imeota mwiba kichwani. Mara nyingi mashine iliyokata ni ya aina ile ile. Kilichotofautiana ni dakika chache ambazo mtu mmoja alizitumia kwenye kompyuta na mwenzake akaziruka.

Mwongozo huu ni wa dakika hizo. Natumia Inkscape, programu ya kuchorea kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na humwagi pesa kabla hujaingiza. Mwenye CorelDRAW au Illustrator asiondoke, yake yapo karibu na mwisho. Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ndivyo utakavyoyakuta.

Tutafanya kazi moja tu tangu mwanzo mpaka mwisho: NG'OMBE HAZEEKI MAINI, herufi za njano zenye urefu wa milimita 60, ukingo mweusi wa milimita 4, kwa kioo cha nyuma cha Haisi. Nimeichagua makusudi. Ina herufi 18 na ritifaa moja (kile kialama kati ya G na O), na ina matundu matano ndani ya herufi: moja la O, mawili ya B, na moja kwa kila A. Ukiimudu hii, majina ya maduka yatakuwa mchezo.

Tuelewane kwanza neno

Mafundi tunasema "autilaini" kwa mambo mawili tofauti, ndiyo maana mtu anamwambia mwenzake "niwekee autilaini" kisha wanagombana kazi ikirudi. La kwanza ni kuizungushia herufi mstari wa rangi nyingine. Hilo hapa nitaliita ukingo. La pili ni kuigeuza herufi isiwe tena maandishi bali umbo lililochorwa, ili mashine isiyo na fonti yako iweze kuisoma. Hilo nitaliita kugeuza kuwa njia, kwa sababu Inkscape yenyewe huliita umbo hilo "path". Kazi ya stika inahitaji yote mawili, tena kwa mpangilio: kwanza njia, halafu ukingo.

Na kuna jambo moja linalozaa karibu kila kosa. Unapoipa herufi mstari, programu haiuweki nje ya herufi. Inauweka juu ya mpaka wenyewe, nusu ndani na nusu nje. Ukisema milimita 4, mbili zinakwenda nje na mbili zinaingia kuila herufi. Kwenye fonti nyembamba hizo mbili ndizo zinazoua. Kwa hiyo ukitaka ukingo wa milimita 4 unaoonekana, unaweka mstari wa milimita 8, kisha unahakikisha herufi yenyewe imekaa juu ya mstari, si chini yake.

Hatua ya 1: karatasi na vipimo

Fungua faili jipya, bonyeza Ctrl+Shift+D, weka vipimo viwe milimita. Usifanye kazi ya stika kwa pikseli. Kioo unakipima kwa futi kamba, nacho hakijui pikseli.

Hapo hapo, kwenye upau wa juu wa kishale cha kuchagulia, kuna vitufe vidogo ambavyo watu hupita navyo miaka bila kuvigusa. Kimoja kinaamua kama unene wa mstari unakua pamoja na umbo unapolivuta. Kikiwa kimezimwa, ukipunguza kazi ya mita moja iwe ya sentimita 10, mstari unabaki na milimita 8 zake na herufi zinazama ndani yake. Kiwashe. Nimewahi kuletewa faili la mtu akilalamika kwamba "Inkscape imeharibu logo", kumbe kitufe hicho tu.

Hatua ya 2: kuandika, na nafasi za herufi

Bonyeza T, andika maneno yako, chagua fonti nene. Mimi kwa kioo cha gari napenda Anton, ambayo ni ya bure na imesimama wima kama askari. Fonti nyembamba yenye madoido iache kwenye kadi za harusi. Ukishachagua, rudi kwenye kishale, funga kufuli la uwiano, andika 60 kwenye kisanduku cha H, yaani urefu. Fanya hivyo kabla ya kuweka mstari wowote, kwa sababu Inkscape kwa kawaida hupima umbo pamoja na mstari wake, na hizo 60 zitakuwa zimemeza ukingo.

Sasa ritifaa. Ukibonyeza kitufe cha ritifaa kwenye kibodi, Inkscape inakupa kijiti kilichonyooka. Kwenye fonti nyingi kinaonekana kama msumari. Ile yenye mkia, inayolingana na herufi, unaipata ukiwa ndani ya maandishi kwa kubonyeza Ctrl+U, kuandika 2019, kisha Enter. Angalia isije ikawa ile iliyogeuka, yenye mkia juu, ambayo simu hupenda kuiweka zenyewe mteja anapokutumia maneno. Na angalia imekaa wapi: N, G, ritifaa, O. Nimeona NGO'MBE kwenye kioo cha gari la watu, limezunguka mji mzima hivyo.

Kinachofuata ni nafasi kati ya herufi, na hapa usiwe na haraka. Ukingo wetu unatoka milimita 4 kila upande. Herufi mbili zikiwa jirani, kingo zao zinakula milimita 8 za nafasi iliyopo katikati. Kwa hiyo yapo mambo matatu yanayoweza kutokea. Nafasi ikiwa kama milimita 4 hadi 6, kingo zinaungana vizuri na neno zima linakuwa pande moja jeusi. Na ikiwa 4 kamili, weusi unaoonekana kati ya herufi unalingana na ule wa pembeni, jambo ambalo jicho hulipenda bila kujua kwa nini. Nafasi ikiwa milimita 12 na zaidi, kila herufi inasimama na ukingo wake. Balaa lipo katikati, kwenye 7 mpaka 10. Hapo kingo zinakaribia kugusana, au zinagusana sehemu moja na kuachana nyingine, na unabaki na mwanya mwembamba kama uzi ambao kisu cha plota, yaani mashine ya kukatia stika, kitauchana na kidole chako hakitaweza kuubandua.

Kwa stika ya gari mimi huchagua kuunganisha. Neno lililo pande moja linabandikwa kwa mkupuo mmoja, na halina pembe nyingi za kuanza kuinuka jua la Januari likipiga.

Ndani ya maandishi, Alt na alama ya > inaongeza nafasi ya mstari mzima. Alt na < inapunguza. Ukitaka kugusa sehemu moja tu, weka kishale kati ya herufi mbili na ubonyeze Alt pamoja na mshale wa kulia au kushoto. Kati ya H na A utahitaji kusogeza kidogo. Kati ya A na Z pia.

Vuta karibu sasa kwenye G na ritifaa, mpaka zijaze skrini. Ritifaa ipo juu tu, haishuki chini, kwa hiyo chini yake pamebaki uwazi kati ya G na O, mpana kuliko nafasi nyingine zote za neno. Kingo zikishaingia, uwazi huo unageuka kuwa mfereji unaopanda kutoka chini na kuishia kwenye tumbo la ritifaa. Kwa mbali unaonekana kama pengo la jino. Sogeza O kushoto kadiri ritifaa inavyoruhusu. Kinachobaki tutakiziba baadaye kwenye leya nyeusi (leya ni tabaka la mchoro, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine).

Hatua ya 3: nakala ya akiba

Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+D upate nakala. Fungua leya mpya kwa Ctrl+Shift+N, iite "asili", hamishia nakala humo, ifiche na uifunge. Ukishageuza maandishi kuwa njia hutaweza tena kurekebisha herufi kwa kuandika. Mteja atapiga simu. Huwa wanapiga.

Hatua ya 4: kugeuza kuwa njia, na kuunganisha

Chagua maandishi yale yaliyobaki, bonyeza Ctrl+Shift+C. Yamekuwa kundi la maumbo, moja kwa kila herufi. Lifungue kundi kwa Ctrl+Shift+G. Chini ya skrini utasomewa idadi ya vitu ulivyochagua, na kwa kazi yetu lazima iwe 19: herufi 18 na ritifaa. Ukiona 18, ritifaa imepotea mahali. Ukiona 20, una kitu usichokijua.

Kisha Ctrl na alama ya +, yaani "Union". Vyote vinakuwa njia moja.

Kuna jirani zake wawili wanaofanana nayo kwa sura tu. Ctrl+K inaviweka pamoja bila kuviunganisha, kwa hiyo sehemu zilizopandana zinaweza kutoboka matundu. Ctrl+Shift+K inavunja kila kitu, mpaka matundu ya O na B yanakuwa vipande vinavyojitegemea na B yako inakuwa donge. Ukikuta hivyo, Ctrl+Z, usianze kutafuta dawa nyingine.

Kwa herufi zetu zilizosimama mbalimbali, Union inaonekana kama haijafanya lolote. Umuhimu wake unaonekana kwenye fonti za mwandiko, kama Pacifico, ambako mkia wa herufi moja umelala juu ya mwanzo wa nyingine. Jicho linaona neno moja lililoshikana. Faili linajua ni maumbo yaliyopandana, kila moja na mpaka wake kamili. Nilijifunza hilo kwa stika ya mlango wa saluni, miaka ya mwanzo. Kwenye skrini ilipendeza, nikaituma kwenye plota, nikaenda kunywa chai. Niliporudi kisu kilikuwa kimekata kila kiungo cha neno mara mbili, na nilipoanza kubandua, vipande vya ukubwa wa punje ya mchele vikawa vinatoka mahali herufi zilipokutana. Mita moja ya stika nyekundu ikaenda kwenye ndoo. Union ingechukua sekunde.

Fonti za kisasa zinazobadilika unene ndani ya faili moja nazo zina tabia hiyo, hata zisipokuwa za mwandiko. Mguu wa K unaweza kuwa umechorwa peke yake na kulazwa juu ya mgongo wake. Ukiipa mstari kabla ya kuunganisha, utaona mistari ikikatiza ndani ya herufi kama nyufa za ukuta. Dawa ni ile ile.

Lipe umbo lako njano kwa kubofya rangi chini ya skrini. Hakikisha halina mstari: shika Shift na ubofye alama ya X kwenye ubao wa rangi.

Hatua ya 5: ukingo wenyewe

Bonyeza Ctrl+D upate nakala ya umbo la njano. Ipe weusi wa ndani kwa kubofya, na weusi wa mstari kwa Shift na kubofya. Fungua Ctrl+Shift+F, nenda "Stroke style", chagua milimita, andika 8. Kisha bonyeza kitufe cha End, nakala nyeusi ishuke chini kabisa. Njano ipo juu, nzima, haijaliwa hata unywele, na weusi umetokeza milimita 4 kila upande.

Kuna njia ya mkato: kwenye "Stroke style" hiyo hiyo pana vitufe vya "Order" vinavyoweza kuusukuma mstari nyuma ya rangi ya ndani bila nakala yoyote, hata maandishi yakiwa bado yanaandikika. Kwa picha ya kuposti mtandaoni inatosha kabisa, nami huitumia. Lakini ni jambo jipya kiasi katika lugha ya SVG, ile ambayo Inkscape huhifadhia faili zake, na zipo programu za kuchapia zisizolielewa; faili likifika huko mstari unarudi juu na kuila herufi, na hutajua mpaka bango limetoka. Kazi inayoondoka mikononi mwangu ninaifanya kwa nakala mbili.

Bado upo kwenye "Stroke style". Angalia "Join", yaani mstari unapindaje unapofika kwenye kona. Zipo tatu: yenye ncha, ya mviringo, na iliyokatwa. Ile yenye ncha ndiyo mama wa miiba. Kona ikiwa kali, mistari miwili ya nje inakwenda kukutana mbali sana na herufi, na A yenye kichwa cha ncha inaota pembe. Ili kuzuia hilo kuna kikomo, na thamani yake ya kawaida ni 4. Kwa hesabu, 4 maana yake ni kwamba kona kali kuliko takribani nyuzi 29 inakatwa, na iliyo pana kuliko hapo inaachwa na ncha yake. Matokeo yake, ndani ya neno moja Z inaweza kubaki na ncha huku A au N jirani yake imekatwa kichwa. Mteja hatajua kusema tatizo ni nini, atasema tu "haijatulia".

Usicheze na kikomo kutafuta namba ya bahati. Kwa stika chagua mviringo. Kona ya mviringo haina miiba, inalingana kwa herufi zote, na haianzi kubanduka mapema kama ncha. Ncha kali nitaiweka pale tu fonti yenyewe ni ya kona za mraba tupu na kazi ni ya kuchapa, si ya kukata.

Sasa matundu. Ukingo unatoka nje ya herufi, lakini kwa tundu "nje" maana yake ni kuingia ndani ya tundu. Tundu la A lenye upana wa milimita 8 linafungwa lote. Lenye milimita 9 linabaki na ufa wa milimita 1 katikati, ambao ni mbaya kuliko kufungwa. Kwenye Anton matundu ya A na B ni membamba, na kwa ukingo huu mengi yatajaa weusi. Usiogope. Herufi ya njano bado inaonekana kamili kwa sababu weusi wa ndani ya tundu unaichora vile vile. Acha yajae yote, au punguza ukingo yabaki wazi yote. Moja wazi na jingine ufa ndiyo sura ya kazi ya haraka.

Hatua ya 6: kuufanya mstari uwe umbo

Hapa ndipo wengi wanaishia, na kwa bango la kuchapa wangeweza kuishia hapa. Plota ni jambo jingine. Kisu hakijui unene wa mstari. Kinafuata njia, na njia ya umbo letu jeusi bado ni ile ile ya umbo la njano. Ukituma hivi, utapata stika mbili za ukubwa sawa na hakuna ukingo.

Chagua umbo jeusi, bonyeza Ctrl+Alt+C, "Stroke to Path". Mstari umekuwa umbo lenye eneo. Inkscape za toleo la 1.0 kuja juu hukupa kundi lenye rangi ya ndani na mstari vikiwa mbalimbali; lifungue kwa Ctrl+Shift+G, acha vyote vikiwa vimechaguliwa, kisha Ctrl na +. Limekuwa pande moja.

Ipo pia "Outset", Ctrl na alama ya ), inayonenepesha umbo kidogo kidogo kila unapobonyeza, na Ctrl+J inayokupa kishikio cha kuvuta kwa jicho. Ni nzuri ukiwa unatafuta unene utakaopendeza. Ukishaupata, rudi kwenye mstari wenye namba, maana mteja akirudi mwaka kesho kutaka nyingine kama ile, "kwa jicho" haina kumbukumbu.

Hatua ya 7: kusafisha

Nenda View, Display Mode, Outline. Rangi zote zinaondoka, unabaki na mistari mitupu. Huu ndio mchoro anaouona kisu, na ndio unaopaswa kuukagua.

Tafuta visiwa: vijipete vidogo ndani ya umbo jeusi, hasa palipokuwa na matundu na palipokutana kingo za herufi mbili. Bonyeza N uingie kwenye nodi, vile vidoti vinavyoshikilia mstari wa umbo, zungushia nodi za kisiwa kimoja, Delete. Visiwa utavikuta karibu na K, pale mikono miwili inapoachana. Na ule mfereji chini ya ritifaa: chora kistatili kidogo chenye kuuziba kwenye umbo jeusi, chagua vyote viwili, Union. Njano haiguswi.

Union ikiacha nodi mbili au tatu zilizobanana kwenye kona, futa za ziada. Delete peke yake inajaribu kutunza umbo lililokuwepo. Ctrl+Delete inafuta bila kujali umbo, na kwenye mstari ulionyooka ndiyo ninayoitaka. "Simplify", Ctrl+L, sikushauri. Inapunguza nodi kweli, lakini inapindisha mistari iliyonyooka, na E iliyokuwa imesimama kama mlango inaanza kuonekana imeloa.

Hatua ya 8: kutoa faili

Weka njano leya yake na nyeusi leya yake. Kabla hujazitenganisha, chora kimsalaba kidogo pembeni kushoto na kingine kulia, kisha uvinakili mahali pale pale kwenye leya zote mbili. Hivyo ndivyo utakavyoilaza njano juu ya nyeusi bila kukisia. Nyeusi iache ikiwa imejaa, usiitoboe mahali njano itakapokaa. Ikiwa imejaa, mkono ukitetereka nusu milimita hakuna atakayejua. Ukiitoboa, nusu milimita hiyo itaonyesha kioo.

Wanaochapa tisheti kwa skrini ya wavu wanakwenda kinyume: njano inatangulia na weusi unakuja mwisho kama fremu, ukipanda kidogo juu ya ukingo wa njano ili kitambaa kisionekane katikati. Wazo ni lile lile, rangi mbili zisiachwe zikigusana ncha kwa ncha.

Plota nyingi zinapokea DXF, aina ya faili la michoro. Kwenye Save a Copy tafuta "Desktop Cutting Plotter", weka milimita. Ukilifungua kwenye kompyuta ya plota, kabla ya lolote pima urefu wa herufi moja, mfano H. Lazima isome 60, au pungufu kidogo tu, kwa sababu G na O huzidi kidogo juu na chini. Ikiwa imekuja kubwa au ndogo mara 25.4, inchi na milimita zimechanganywa. Rudi ukahifadhi upya badala ya kuvuta kwa mkono.

Kwa mchapaji, toa PDF, na kama una maandishi mengine madogo ambayo hukuyageuza, chagua yageuzwe kuwa njia kwenye dirisha linalotokea. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukituma kama picha, kazi yote ya hapo juu inafika kwake ikiwa ukungu.

Kwa wa CorelDRAW: kugeuza kuwa njia ni Ctrl+Q, na mstari unausimamia kwa F12, ambako pana visanduku viwili vya kutiwa alama, "Behind fill" unaoupeleka mstari nyuma na "Scale with object" unaoukuza pamoja na umbo. Ukingo wa kukata unaupata kwa kifaa cha Contour, lakini ukivunje kisha ukiunganishe kabla ya kutuma. Kwa wa Illustrator: Ctrl+Shift+O inageuza, Offset Path inatoa ukingo wenye namba, na Unite iliyoko Pathfinder inaunganisha. Mambo ya nafasi za herufi, kona na matundu hayabadiliki.

Kama stika inabandikwa kwa ndani ya kioo na kusomwa kutoka nje, chagua vyote pamoja na misalaba na ubonyeze H kuvigeuza kabla ya kuhifadhi. Na hapo mpangilio wa kubandika unapinduka: njano ndiyo inayotangulia kugusa kioo, nyeusi inafuata nyuma yake. Halafu kata kwanza kipande chenye NG'O peke yake kwenye mabaki ya stika, ukibandue, uone kama ritifaa inatoka pamoja na wenzake.